Pikapu ya umeme, tela la futi 12 na safari ya Minneapolis hadi Dallas: nitafika?

*“Shikamoo mtaalamu. Mimi na familia tunahama kutoka Minneapolis kwenda Dallas mwishoni mwa Novemba. Nina Ford F-150 Lightning ya 2023 yenye betri kubwa, ile tuliyoambiwa inakwenda maili 320 na inavuta paundi 10,000. Nataka kukodi tela la U-Haul lililofunikwa, la futi 6 kwa 12, nitie vyombo vya nyumba nzima. Tupo wanne, mimi, mke wangu na watoto wawili. Rafiki mmoja anasema nitakwama Iowa. Mwingine anasema nibebe jenereta nyuma. Shemeji yangu naye anadai kuvuta mzigo kutaua betri. Je, nitafika? Nitasimama mara ngapi kuchaji? Na nikifika kituoni na tela, naingiaje?”*

Marahaba. Utafika, wala hutalala njiani Iowa, ila hesabu ya maili 320 isahau tangu leo. Ukiwa na tela hilo nyuma, panga safari yako kwa maili 100 kila chaji, na siku ya upepo mbaya kwa 80. Njia yote ya I-35 ni karibu maili elfu moja ukijumlisha mizunguko ya kuingia na kutoka vituoni, kwa hiyo jiandae kwa siku tatu. Naishi Wichita, Kansas, hapo hapo kwenye njia yako. Kazi yangu ni mifumo ya umeme ya magari, na kipande cha Kansas nimekivuka na tela mara nyingi kuliko ninavyopenda.

Kwanza tuzitenganishe zile namba mbili ulizopewa, maana wauzaji huzitaja kwa pumzi moja kama ndugu wa tumbo moja. Paundi 10,000 ni nguvu: mota, fremu na breki zinaweza kuukokota mzigo huo, tena kwa pikapu iliyoagizwa na vifaa kamili vya kuvutia. Maili 320 ni umbali wa pikapu tupu, bila tela. Hakuna aliyekuahidi vyote viwili kwa siku moja.

Wengi wanadhani uzito ndio unaokula betri. Mwaka 2022 jarida la MotorTrend lilifunga matela matatu ya kulala, moja baada ya jingine, nyuma ya Lightning yenye betri kama yako. La paundi 3,140 lilikwenda maili 115. La paundi 5,260 lilikwenda maili 100. La paundi 7,218 lilikwenda maili 90. Tazama vizuri: uzito umezidi maradufu, lakini umbali umepungua kwa maili 25 tu. Yale maili mengine karibu mia mbili yaliyopotea yalipotea pale tu tela la kwanza, jepesi kuliko yote, lilipofungwa.

Kilichoyala ni hewa. Tela la boksi ni ukuta. Pikapu yako inaipasua hewa kwa uso wake, hewa inakatika na kutulia nyuma ya kabini, halafu ukuta wa pili unakuja kuipiga upya. Uzito unaulipa kwenye msuguano wa matairi, ambao ni mdogo, na kwenye vilima, ambako sehemu ya gharama unarudishiwa ukishuka. Hewa hairudishi senti.

Safari yangu ya kwanza na tela la boksi nilikuwa narudi kutoka Emporia, maili 90 hivi, tela tupu kabisa, hata kiti hakimo. Niliondoka na asilimia 80 nikijiona tajiri. Upepo wa kusini ulikuwa unanijia usoni katika vile vilima vya nyasi vinavyoitwa Flint Hills, na mimi nikikanyaga kama kawaida yangu. Nilifika nyumbani na asilimia 9. Tela tupu!

Sasa swali ambalo rafiki zako hawajakuuliza: mbona petroli haina kisa hiki? Inacho, ila tangi linakificha. Betri yako inabeba uniti 131 za kutumia. Ni uniti zile zile unazozijua za LUKU au tokeni za Kenya Power, kilowati moja kwa saa moja. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, huhesabu galoni moja ya petroli kuwa uniti 33.7. Kwa hiyo betri yako nzima, na bei yake yote, ni sawa na petroli isiyofika galoni 4. F-150 ya petroli yenye tangi la galoni 36 hubeba zaidi ya uniti 1,200, ikachoma sehemu kubwa kuwa joto tu, na bado ikafika mbali. Pikapu yako ni mpole sana kwa nishati, kibaba kidogo kinaipeleka mbali. Ndiyo maana ukiiongezea kazi inaonekana papo hapo, kama mtu wa mshahara mdogo anayejua kubana matumizi siku anapopata wageni.

Hapa ndipo mwendo unapokuwa dawa yako kubwa. Ukinzani wa hewa haupandi sawasawa na mwendo, unapanda kwa mraba wake. Ukishuka kutoka maili 70 kwa saa hadi 55, ukinzani unapungua kwa karibu asilimia 38. Na U-Haul wenyewe wanataka matela yao yasizidi maili 55 kwa saa, jambo ambalo wengi husaini kwenye fomu kisha wakalisahau wakishaingia barabarani. Wewe usilisahau. Kaa mkono wa kulia, waache malori yakupite, tia kaseti ya taarabu. Kwa mwendo huo pikapu yako inaweza kukupa maili 1.1 hadi 1.3 kwa uniti. Kwa maili 70 huenda usione hata maili 1.

Na upepo wenyewe usiudharau. Ukienda 60 huku upepo wa 20 unakujia usoni, kwa hewa wewe unakwenda 80, na ukinzani umepanda kwa karibu robo tatu. Upepo huo huo ukikujia mgongoni, ukinzani unashuka chini ya nusu. Nimezaliwa Tanga, nimekua nikiwatazama wazee wa majahazi wakikaa ufukweni asubuhi nzima wanasoma upepo, na tulikuwa tukiwacheka. Leo kabla sijafunga tela natazama upepo kwanza, mvua baadaye. Bahati yako ni kwamba Novemba baridi ya kaskazini hushuka mara kwa mara kwenye tambarare hizi, na wewe unaelekea kusini. Ukiweza kusogeza safari kwa siku moja ili uondoke na upepo wa kaskazini nyuma yako, isogeze. Isipokuwa upepo ukiwa mkali wa ubavuni: hapo si suala la betri tena, ni suala la tela kupiga mkia, na dawa yake ni kupaki ungoje.

Milima haikuhusu sana. I-35 ni tambarare kwa sehemu kubwa. Utaona mabonde Flint Hills, na ile milima ya Arbuckle kusini mwa Oklahoma kabla ya Ardmore. Vyote unavivuka bila kuhema.

Kuhusu vituo. Usichaji hadi 100 mchana. Chaji ya haraka ni kama kujaza ndoo kwa bomba lenye nguvu: mwanzo unaifungulia yote, karibu na ukingo unalazimika kuipunguza isimwagike. Ford wanasema betri yako hutoka asilimia 15 hadi 80 kwa dakika 41 kwenye mashine yenye nguvu, lakini kutoka 80 hadi 100 inaweza kukuweka hapo muda kama huo au zaidi. Kwa hiyo mchana unaishi kati ya 10 na 80. Hizo ni kama uniti 90. Shika kanuni hii, ndiyo ninayoitumia mimi: soma kwenye dashibodi maili ngapi kwa uniti, zidisha kwa 90, hapo ndipo kituo chako kinachofuata kinatakiwa kiwe. Dashibodi ikisema 1.1, una maili 99. Ikisema 0.9, una 81.

Kwa kipimo hicho, siku ya kwanza ungeondoka umejaa, ukachaji eneo la Albert Lea, kisha Iowa mara mbili, ukalala upande wa Bethany, Missouri. Siku ya pili Kansas City na Emporia, ulale huku kwetu Wichita. Siku ya tatu kaskazini mwa Oklahoma, Oklahoma City, Ardmore, halafu Dallas. Vituo nane au tisa vya mchana, kila kimoja kama dakika 45 ukihesabu kuingia na kutoka. Baridi ikiwa kali ongeza kidogo, kwa sababu betri baridi hukataa kupokea umeme kwa kasi. Ukikiandika kituo kwenye ramani ya gari lenyewe badala ya simu, gari huanza kuipasha betri moto kabla hujafika.

Kulala ndiko kunakookoa safari. Tafuta kambi ya magari ya kulala yenye tundu la ampea 50, lile la volti 240, na uombe nafasi ya kupita moja kwa moja, unaingia huku unatokea kule. Ukiwa na waya wako wa kuchajia unaotoa ampea 30 na ushee, saa kumi za usiku zinakupa zaidi ya uniti 70, yaani zaidi ya nusu ya betri, na hujafungua tela. Piga simu kabla, kwa mambo mawili: wengine hufunga Novemba, na wengine hawapendi gari linyonye umeme usiku kucha kwa bei ya hema. Wengi ukiwaambia mapema na kulipa kidogo zaidi hawana neno.

Sasa lile la kuingia kituoni na tela. Hili ndilo litakalokuchosha kuliko betri. Vituo vingi vilichorwa kwa ajili ya magari madogo: unaingia kwa pua au kwa kinyumenyume, mashine mbele yako, nyuma yako njia ya watu. Ukibaki na tela umeziba nusu ya uwanja. Kwenye barabara hizi tafuta kwanza vile vilivyojengwa kwenye vituo vya malori vya Pilot na Flying J kwa ushirikiano na GM na kampuni ya chaji ya EVgo. Baadhi vina paa na unapita moja kwa moja kama kwenye pampu ya mafuta. Fungua programu ya PlugShare, usiishie kwenye nyota. Tazama picha walizoweka madereva. Picha moja ya uwanja inakuambia mengi kuliko maelezo kumi. Supercharger, yaani mashine za chaji ya haraka za Tesla, nazo zimefunguliwa kwa Ford tangu 2024, zile za kizazi kipya tu, na unahitaji adapta inayokubaliwa na Ford. Ila waya wake ni mfupi na tundu lako lipo mbele kushoto, kwa hiyo kwa tela tegemea nafasi ya mwisho ya safu au ufungue tela.

Kila mara uwe na kituo cha pili akilini kabla hujafika cha kwanza. Nimewahi kufika mahali na asilimia 11, mashine nne, mbili zimekufa, ya tatu ina foleni. Tangu siku hiyo sifiki popote chini ya 15 kama kituo cha akiba kiko mbali.

Kufungua tela si dhambi, dakika kumi ukishazoea. Lakini kuna mpangilio wake, na ukiukosea unavunja mguu wa mtu. Chagua sehemu iliyo sawa, pembeni ya uwanja. Weka vizuizi vya magurudumu kwanza, pande zote mbili za tairi, kabla hujagusa kitu kingine. Kisha shusha jeki ya mbele mpaka ibebe. Chomoa waya wa taa, halafu fungua kiungo, uinue tela mpaka litoke kwenye mpira wa chuma, na minyororo iwe ya mwisho. Siku ya kulichukua tela tazama kama lina jeki hiyo. Kama halina, tela lililojaa usilifungue njiani, maana shingo yake inaweza kuwa na zaidi ya paundi 400 na hakuna mgongo wa kuubeba huo. Mkeo na watoto wasisimame kati ya gari na tela hata kwa sekunde. Na tia kufuli. Vyombo vya nyumba nzima ni kishawishi.

Jenereta? Iache. Kwa mwendo wa maili 60 na tela pikapu yako inakula kama uniti 55 kwa saa. Jenereta la kubebeka linakupa labda 7. Tena gari halitaondoka likiwa limechomekwa waya, kwa hiyo utakuwa umekaa kando ya barabara unasikiliza kelele. Kichekesho ni kwamba, ikiwa yako ina Pro Power ya kilowati 9.6, yaani matundu ya kutolea umeme wa betri kwa vifaa vingine, pikapu yenyewe ni jenereta kubwa kuliko hilo analokuuzia rafiki yako.

Shemeji naye mtulize. Betri yako ina mfumo wa kupoozwa kwa maji, na Ford wanaidhamini miaka 8 au maili 100,000 isishuke chini ya asilimia 70 ya uwezo wake. Chaji tisa za haraka katika siku tatu haziui betri. Kinachoichosha ni kuiacha imejaa 100 wiki nzima kwenye joto, au kuishi kwa chaji ya haraka miaka nenda miaka rudi.

Jambo ninaloliogopa zaidi ya betri, na hukuliuliza, ni upakiaji. Tela hilo la 6 kwa 12 likiwa tupu lina kama paundi 1,920, na mwisho wake likijaa ni 4,400. Injini ya umeme haikwambii umezidisha; itavuta kimya kimya. Weka vizito mbele, karibu asilimia 60 ya mzigo nusu ya mbele, ili shingo ibane mpira wa gari kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote. Ukiweka friji na mashine ya kufulia nyuma karibu na mlango, tela litaanza kutikisa mkia, na likianza kutikisa hutasahau maishani mwako. Likitokea: usikanyage breki, usipindishe usukani kushindana nalo, shika usukani sawa, achia mafuta. (Ndiyo, sisi bado tunasema mafuta.) Kwa gari lako kuna ziada moja: ukiwa umewasha ule mtindo wa kuendesha kwa kanyagio moja, kuachia ghafla ni sawa na kupiga breki ya gari huku tela linakusukuma. Uzime ukiwa na tela, na uachie taratibu.

Halafu fungua mlango wa dereva utazame kibandiko cha uzito wa watu na mizigo. Uzito wa shingo ya tela unahesabiwa humo, pamoja na ninyi wanne na kila utakachotupa kwenye bodi. Nimeona watu wenye mzigo halali wa tela wakiwa wamezidisha kwenye kibandiko hicho bila kujua.

Pesa nazo tuseme ukweli. Utatumia kama uniti 900. Chaji ya haraka njiani mara nyingi ni senti 40 hadi 60 kwa uniti, basi weka dola 360 hadi 540. F-150 ya petroli inayokwenda maili 11 kwa galoni na tela hilo, petroli ikiwa dola 3, ingekula chini ya 300. Ukivuta tela safari ndefu, umeme hauokoi pesa. Unaokoa siku nyingine zote za mwaka unapochaji nyumbani.

Ningekuwa wewe ningechukua tela dogo la 5 kwa 8, nijaze bodi ya pikapu na kuifunika, niuze makochi Minneapolis. Kochi la dola 300 halistahili vituo viwili vya chaji. Kama vyombo haviwezi kupungua na kuna ndugu mwenye leseni, kodini lori la kuhamia aendeshe yeye, wewe ushuke na familia kwenye pikapu tupu, mchaji mara nne tu. Na kama ni lazima liwe lile la futi 12, siku tatu ziwe siku tatu kweli, si mbili na matumaini.

Kuna mambo ambayo maandishi yangu hayawezi kuyaona. Ukishapakia, pita kwenye mizani ya CAT Scale kwenye kituo chochote kikubwa cha malori. Kwa dola chache unapewa karatasi yenye uzito wa kila ekseli. Namba zikizidi, pakua, usibishane nazo. Taa za tela zikikataa, mpira wa kiungo ukicheza, pikapu ikikaa imeinua pua, au gari likionyesha onyo lolote la tela au betri, usiondoke: nenda kwa fundi wa viungo vya kuvutia au kwa wakala wa Ford akaliguse kwa mkono. Tela likipiga mkia hata mara moja njiani, toka barabara kuu, lipange upya mzigo kabla ya kuendelea.

Na siku moja kabla ya safari, likiwa limeshapakiwa, lizungushe maili 30 kwenye barabara kuu kwa mwendo wa 55, kwenda na kurudi ili upepo usikudanganye. Andika namba ya maili kwa uniti. Ikiwa ni 1.1 au zaidi, lala usingizi. Ikiwa ni chini ya 0.9, niandikie usiku huo huo, tuvipange vituo upya kabla hujawaamsha watoto.